Barua Yangu Ilivyonitangulia Riyadh

Nimechoka kusimulia. Tangu nirudi, kila anayeingia dukani kununua kibiriti huegemea kaunta na kuniuliza, "Haya Mzee Hamadi, huko Uarabuni kulikuwaje?" Nikianza kueleza, anaingia mwingine anataka sukari nusu kilo, nakatizwa, na yule wa kwanza anaondoka na nusu ya habari. Sasa mji mzima wa Taveta umejaa nusu nusu, na zikiunganishwa unatoka uongo mtupu. Nimesikia kwamba nilifungwa. Nimesikia kwamba nilimzaba Mwarabu kofi. Sikufungwa wala sikumpiga mtu, ingawa wapo niliotamani. Kwa hiyo nimeamua kuandika mara moja, yote, pamoja na yanayoniaibisha, na atakayetaka aje asome hapa hapa barazani. Habari za tiketi na viza siziandiki. Zilinichosha mimi na zitawachosha ninyi.

Kuondoka Taveta

Kwa yule atakayesoma bila kunijua: mimi ndiye mwenye Duka la Mizani, lililofunguliwa na marehemu baba yangu wakati barabara ya kwenda mpakani ilikuwa vumbi tupu. Mji wetu uko ukingoni mwa nchi. Siku za soko watu wa upande wa pili huvuka na mahindi, na wetu huvuka na nguo, na katika pilikapilika hizo lazima awepo mtu ambaye neno lake linaaminiwa. Kwa miaka mingi mtu huyo nimekuwa mimi. Watu huniachia funguo za nyumba zao, huniletea ugomvi wa mipaka ya mashamba, na wakitaka barua ya kuwatambulisha mahali huja kwangu kwanza, kisha ndipo waende kwa chifu. Sisemi haya kujisifu. Basi, labda kidogo.

Mtakumbuka alipokuja Bwana Tito, yule wakala wa Nairobi mwenye viatu vyenye ncha. Aliniomba baraza langu aweke meza ya kuandikishia wasichana wa kwenda kufanya kazi za nyumbani Saudia. Akaniambia nyumba za kule hazitosheki na cheti. Zinataka neno la mtu mzima anayeheshimika. Akanivisha kilemba cha ukoka na mimi nikakivaa. Niliandika barua kumi na moja, kwa karatasi yenye jina la duka, nikazigonga muhuri wa mizani. Mojawapo ilikuwa ya Wakesho, aliyekuwa akiuza ndizi mbele ya mlango wangu kwa miaka sita.

Miaka yake miwili ya mkataba ilikwisha. Ikapita miezi minne na Wakesho hakurudi. Kwa simu alimwambia mama yake kwamba matajiri wake hawampi karatasi ya kutoka, na bila hiyo hawezi kupanda ndege. Mama Wakesho akawa anakuja dukani kila Jumamosi baada ya soko, anakaa juu ya kreti la soda, haulizi kitu. Anakaa tu mpaka nifunge. Jumamosi ya saba nikamwambia kwamba ninakwenda Jidda kumwona Sheikh Omar, mfanyabiashara anayeniletea mikeka ya kuswalia na kanzu kwa njia ya Mombasa, na kwamba nitapitia Riyadh nizungumze na matajiri wa binti yake. "Nitamrudisha," nikasema, mbele ya wateja. Akanipa kifurushi cha pojo za kumpelekea mwanawe.

Uwanja wa ndege wa Jidda

Nilishuka na mkoba wangu wa ngozi, kofia ya viua na koti nililoshonewa mahsusi kwa safari. Hatua kumi hazijafika, kijana mwenye redio ya mkononi akanishika kiwiko akanisukuma kwenye kundi la madereva na vibarua. Nikamwambia kwa Kiarabu, "Mimi ni tajiri mwenye duka." Kiarabu changu ni cha chuo, cha kusomea vitabu, na nadhani masikioni mwake kilikuwa kama hotuba. Akacheka. "Yalla, yalla," akasema, akaniashiria sakafuni.

Sakafuni. Nina miaka sitini na moja na sijakaa sakafuni mbele za watu tangu nilipoozwa. Tulikaa hapo saa nne, hakuna anayesema tunangoja nini. Pembeni yetu walikuwa wasichana walioshuka ndege yetu, wamepangwa mistari kama darasa, kila mmoja na bahasha yake ya kaki kifuani. Nilifoka. Niliuliza ni nani mkubwa hapa. Nilisema nitaandika barua. Msichana mmoja wa Machakos aliyekuwa karibu akanikatia nusu ya andazi lake lililofungwa kwenye gazeti.

"Kaa tu, Mzee," akasema. "Hapa sisi sote tunangoja wenyewe waje."

Nilimwambia mimi sina mwenyewe. Akatikisa kichwa kwa adabu, kama anayemsikiliza mgonjwa. Ili kupitisha muda akanionyesha barua aliyobeba, nakala ya Kiswahili, imesainiwa na mwenye duka wa kwao. Ilisema binti huyu ni mpole, hachoki, hajibu akisemeshwa, na yuko tayari kukaa muda wowote atakaohitajika. Nikashangaa kuona kwamba na Ukambani kuna wazee wanaoandika vizuri kama mimi. Niliona hata fahari, na lile andazi lilikuwa tamu.

Mwishowe mtu mwingine alitazama pasipoti yangu, akasema "halas", akanipungia mkono nipite. Hakuna aliyeniomba radhi. Nilipiga simu kwa Sheikh Omar, nikaambiwa yuko safarini mpaka Jumapili. Nikaamua kwenda Riyadh kwanza.

Basi la kwenda Riyadh

Niliwahi basi la alfajiri nikachagua kiti cha mbele kabisa, kama ninavyofanya kila ninapokwenda Voi. Kondakta akaja akaniambia nihame, viti vya mbele ni vya wenye familia. Nikamwambia nina wake wawili na watoto tisa. Akauliza wako wapi. Nikasema Taveta. Akanipeleka nyuma kabisa, karibu na choo.

Jirani yangu huko alikuwa Msudani mmoja, Ustadhi Idrisi, fundi wa mashine za baridi, tukawa tunaelewana kwa Kiingereza chake cha kuchechemea na changu kisichokimbia sana. Mashine ya baridi ya basi lenyewe ilikufa tulipoipita Taifu, na dereva hakutaka fundi Idrisi aiguse kwa kuwa hana barua ya kampuni. Basi tukakaa saa tatu kwenye kituo cha mafuta, fundi wa mashine za baridi akiwa mmoja wetu, tukitoka jasho kama tumeloweshwa. Mniambie kama huo si wazimu. Idrisi hakukasirika. Alitandaza karatasi chini ya kivuli, akamwaga mafuta ya ufuta juu ya maharage, akavunja mkate mpana kama ungo na kunikaribisha. Sijawahi kula maharage matamu vile, na nimeyauza maisha yangu yote.

Aliponiuliza ninakwenda kufanya nini Riyadh, nikamweleza. Akacheka mpaka akapaliwa.

"Utagonga nyumba ya mtu," akasema, "umwambie unamtaka mwanamke aliye ndani?"

"Mimi ni mzee wake."

"Huko kwenu ni mzee wake. Pale mlangoni utakuwa mwanamume tu." Akanifuta makombo begani. "Muulize baba mwenye nyumba. Jina la msichana usilitaje kabla hujaketi."

Nilimshukuru, na moyoni nikajiambia kwamba Msudani hajui nguvu ya ustaarabu wa Waswahili.

Al-Suwaidi

Siku ya pili Riyadh niliipata nyumba ya matajiri wa Wakesho, katika mtaa wa kuta ndefu ambazo zote zina rangi moja. Hapakuwa na baraza hata moja. Kuta tu, na milango ya chuma. Nikasimama mbele ya mlango nikafanya nilivyofundishwa na mama yangu: nikapiga hodi kwa sauti, mara tatu, nikitaja ninayemtaka. "Hodi! Hodi kwa Wakesho! Hodi!"

Dirisha la juu likafungwa kwa kishindo. Mlango wa jirani ukafunguliwa, mtu akanitazama kutoka kofia hadi viatu. Dereva wa nyumba, Mbangali mmoja, akatoka mbio akinifanyia ishara ninyamaze, "Mafi, mafi," yaani hakuna, hakuna, na nyuma yake akatoka baba mwenye nyumba, mtu wa makamo yangu, ndevu zimechongwa vizuri, uso umekunjamana. Alidhani nimekuja kutafuta kazi ya udereva na kwamba nina kichaa. Alianza kunifukuza. Nikajipiga kifua nikasema, "Hamadi. Hamadi wa Taveta."

Uso wake ukabadilika. "Hamad Tafita?" akauliza. Akauchora hewani ule muhuri wangu, sahani mbili za mizani. Nikaitikia kwa kichwa. Basi ndugu zangu, mtu huyo alinikumbatia. Akanishika mkono mpaka chumba chao cha wageni wanaume, akaniweka juu ya zulia jekundu, akanimiminia kahawa nyeupe yenye iliki na tende zilizojaa asali. Tangu nishuke ndege hapakuwa na mtu aliyenijua kuwa mimi ni mtu, na sasa Riyadh kwenyewe naitwa kwa jina. Nikakunjua mgongo. Nikajiona nimefika.

Kwa kuwa Kiarabu changu cha vitabu hakikutusaidia, alimwita Wakesho aje mlangoni atutafsirie. Alisimama nje ya kizingiti, nusu nyuma ya pazia, na mkewe mwenye nyumba nyuma yake, nasikia bangili zake tu. Sauti ya Wakesho niliijua, ila ilikuwa imeshushwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Wakesho. Mama yako anakusalimu. Nimekuja kukuchukua."

Akamtafsiria mwenye nyumba. Baba wa nyumba alitoa jalada la plastiki, na ndani yake ilikuwa barua yangu, ya Kiswahili, na tafsiri ya Kiarabu imebanwa nyuma. Akaisoma kwa heshima, kidole kikifuata mstari, na Wakesho akatafsiri.

"Anasema wewe ni mtu wa haki, kwa sababu ulisema mimi ni msafi, na ni kweli. Ukasema ni mwaminifu, na ni kweli. Anasema hapa umeandika nitakaa muda wowote watakaonihitaji. Anasema bado wananihitaji."

"Mwambie mkataba ni miaka miwili."

"Nimemwambia mara ngapi, Mzee? Nikimwambia, madam analeta hii barua. Anasema imeandikwa mimi sijibu, so mbona najibu. Nikimwambia nimechoka, anasema imeandikwa sichoki. Akikasirika ananisomea yote, kutoka juu mpaka kwa stamp."

Nikasema ile ni lugha ya barua tu, kila mtu anajua, mtu hutia chumvi kidogo kama anavyosifu mchele. Wakesho hakuitafsiri hiyo. Akaniuliza, taratibu, bila kuinua macho:

"Nani alikwambia mimi sijibu? Nimekuuzia ndizi six years. Kuna siku moja sikukujibu?"

Ni kweli. Mnamjua Wakesho. Hakuna mdomo uliowahi kunishinda hapa mjini kama wake. Nilikuwa nikijadiliana naye juu ya mkungu mmoja mpaka wapita njia wanasimama kusikiliza, na hawakuwa wanasimama kwa ajili yangu.

Mwenye nyumba akauliza amesema nini. Wakesho akamjibu maneno mawili matatu, naye akatabasamu akanimiminia tena.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia unasifu kahawa."

Nilipandwa na hasira, na sikujua nimpe nani. Nilitaka kumpa mwenye nyumba, lakini alikuwa akinitazama kwa upole. Alieleza kwamba yeye alikuwa mkaguzi wa shule miaka thelathini, na mkaguzi hufuata karatasi. Kama barua ina kosa, aliyeiandika airekebishe kupitia ofisi iliyoileta. Barua mpya ikifika, atatoa ruhusa siku hiyo hiyo. Nyuma ya pazia madam akasema kitu kirefu. Wakesho akatafsiri.

"Anasema yeye hakunidhulumu. Anasema alichukua kile ulichomwambia."

Nikaacha kifurushi cha pojo kizingitini.

Olaya

Ofisi yenyewe sitaitaja. Iko Olaya, katika jengo la vioo ambalo mlinzi wake alinielekeza mlango wa nyuma, wa wafagizi. Nilikataa. Nikasimama pale juani na koti langu mpaka akachoka kunitazama akaniachia mlango wa mbele. Huo ndio ushindi pekee nilioupata katika mji ule.

Mezani nilimkuta Mzanzibari, Bwana Nasoro, shati limenyooka, harufu ya udi. "Shikamoo, mzee wangu. Karibu ukae kitako." Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Nikamweleza shida. Aliposikia jina langu akainuka akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Kumbe ndiye wewe! Mzee wangu, barua zako nzuri mno. Sisi hapa skuzote twazisema. Nyingine zaja, haba, kavu, 'namjua fulani', basi. Yako wewe imekamilika. Mteja akisoma hana suala."

Akafungua kabati akatoa karatasi iliyofifia kwa kunakiliwa mara nyingi. Ilikuwa barua yangu, jina la Wakesho limefutwa kwa wino mweupe na kuwekwa vidoto vya kujazia jina jingine. Ni mpole, hachoki, hajibu akisemeshwa, yuko tayari kukaa.

"Hii twawapelekea mawakala wote huko kwenu," akasema. "Mombasa, Nairobi, Machakos, Uganda pia. Wao hujaza jina, wakatafuta mzee wa kusaini. Kazi imekuwa nyepesi, wallahi."

Nikamkumbuka yule msichana aliyenikatia andazi. Nikaona haya usoni na mpaka mikononi.

Nilifoka, wenzangu. Nilimwambia aache kuwatumia wazee wanaowasainia wasichana wasiowajua. Nilimwambia arudishe barua zangu. Nilimwita majina ambayo Mzanzibari hapendi kuitwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanimiminia maji, akasema barua zikishaingia kwenye faili hazitoki. Naweza kuandika nyingine ya kuitengua ya Wakesho, lakini iwe na muhuri ule ule.

"Muhuri uko Taveta, kwenye droo ya duka."

"Hapo pana kazi. Bila muhuri hii ni karatasi ya kufungia njugu. Labda umpate mfanyabiashara wa hapa, mwenye muhuri wake, akudhamini kuwa wewe ndiye wewe na maneno ni yako."

Nikamwambia namjua mmoja, na kwamba yeye ni mtu wa maana kuliko jengo lote hili. Akatabasamu akaniandikia anuani ya kupelekea barua mpya.

Balad

Niliporudi Jidda nilikwenda moja kwa moja Balad, kule kwenye majumba marefu ya mawe ya matumbawe na madirisha ya mbao yaliyochomoza juu ya njia. Wachukuzi wanapiga kelele upishe mkokoteni, mtu anauza ubani, mwingine sufuria. Pale nilipumua. Duka ni duka popote. Hata ile harufu ya marobota mapya ni moja.

Sheikh Omar alilelewa Mombasa na mjomba wake mpaka ndevu zikamwota, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha Mji wa Kale. Tumefanya biashara miaka tisa kwa simu bila kuonana uso kwa uso. Ada yetu ilikuwa hivi: robota likifika Taveta nikakuta limepungua mikeka, nampigia, nasema, "Sheikh, imepungua minne." Yeye haulizi mashahidi. Mzigo unaofuata unakuja na minne ya ziada. Miaka tisa, hajawahi kuuliza mara mbili. Mnajua wenyewe ni wangapi duniani mnaowaamini hivyo.

Alinilisha samaki na wali mwekundu kwenye sinia, tukacheka, tukaulizana watoto. Kisha nikamweleza ninachotaka: agonge muhuri wake chini ya barua yangu mpya. Akaniambia niisome. Nilikuwa nimeandika kwa werevu, kwamba "kutokana na tafsiri isiyo sahihi, baadhi ya maneno hayakueleweka kama yalivyokusudiwa." Akaacha kula.

"Tafsiri ilikosea?"

"Kidogo."

"Hamadi. Mimi nasoma Kiarabu na Kiswahili. Ile ya mwanzo uliandika ati huyo mwanamke hachoki?"

"Niliandika."

"Wamjua mtu asiyechoka?"

Akaniambia hawezi kuweka muhuri wake chini ya uongo wa pili ili kufunika wa kwanza. Nikataka kuondoka. Niliinuka kabisa, nimeshika mkoba. Mimi, kufundishwa ukweli na mtu anayeniuzia mikeka. Lakini nilimkumbuka Mama Wakesho juu ya kreti, nikakaa tena nikaomba kalamu. Niliandika hivi: "Mimi Hamadi wa Taveta niliandika mambo nisiyoyajua ili nionekane mtu wa maana. Binti huyu huchoka kama watu wote. Hujibu akisemeshwa, na aghalabu huwa na haki. Hakuwahi kuniambia atakaa zaidi ya miaka miwili. Hilo nililibuni." Ilikuwa mistari minne, na ilinichukua muda mrefu kuliko barua zote kumi na moja.

Sheikh Omar akaisoma, akagonga muhuri, akampa karani wake aitafsiri na kuituma Riyadh saa ile ile. Nikamshukuru. Akanishika bega, akasema nimefanya vizuri. Kisha akawaita wachukuzi, akaamuru marobota yangu ya mzigo unaofuata yaletwe uani na yakatwe kamba.

"Ya nini?" nikamuuliza. "Sisi hatufungui."

"Tutahesabu pamoja, mkeka kwa mkeka, kisha utanisainia," akasema. Hakuwa na hasira hata chembe. "Usinichukie, ndugu yangu. Nimesoma barua yako leo."

Tulihesabu mpaka alasiri. Wachukuzi walikuwa wakitutazama. Hiyo ndiyo aibu niliyokutana nayo Uarabuni, wala si ya kufungwa. Nilijitakia mwenyewe, nami ninakasirika mpaka sasa ninapoandika.

Nyumbani

Mkaguzi alikuwa mtu wa neno lake. Wakesho alipewa karatasi ya kutoka, na wiki ya tatu baada yangu alishuka hapa Taveta na begi moja. Mama yake hakuja dukani Jumamosi hiyo. Kreti likakaa tupu, na mtu mmoja akaliketia bila kujua, nikamwambia ainuke.

Siku ya nne Wakesho alikuja. Ninyi mliokuwepo mliona. Alisimama kwenye kaunta, akaitisha sukari kilo mbili, nikapima.

"Mzee, hiyo mizani imelala."

"Mizani hii ni ya babangu."

"Basi babako alikuwa anaibia watu tangu zamani. Ongeza."

Watu walicheka, nami nikaongeza. Sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake, na sikujua kama nifurahi au nijifiche chini ya kaunta. Alilipa, lakini hakuondoka. Akasubiri wateja wapungue.

"Uliandika barua eleven," akasema. "Mimi ni mmoja. Wale kumi?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza kuhusu Bwana Nasoro, na faili zisizotoka, na zile nakala zenye vidoto zilizosambaa mpaka Uganda, na jinsi Sheikh Omar alivyokata kamba za marobota, na kwamba hasira imenimaliza, silali vizuri. Aliniacha niseme. Juzi, nikamwambia, alikuja mama mmoja wa Mwatate kutaka barua ya bintiye. Nilimwandikia ukweli: anachoka, anajibu, ana kwao na atarudi. Akaisoma akaniuliza kama namtakia mwanawe mabaya, akaenda duka la pili, akaandikiwa ile ya vidoto.

"Hao wa mbele Mungu anawajua," Wakesho akasema. "Mimi nauliza hao kumi. Wako na majina. Mama zao wanakaa hapa hapa. Muhuri uko wapi?"

Nikafungua droo nikamwonyesha.

"Toa karatasi."

"Zitatupwa, Wakesho. Zitakuwa za Kiswahili, na kule hawataki kusoma."

"Kuandika Kiarabu sijui," akasema, akivuta lile kreti la mama yake na kulikalia, "lakini kuongea najua. Wewe andika, gonga, piga picha, tutume. Kisha nitatafuta namba kwa mama zao, niwapigie hao madam mmoja mmoja niwasomee." Akatoa simu yake akaiweka juu ya kaunta. "Wakiuliza mimi ni nani, nitawaambia mimi ndiye yule hajibu."

Nimeandika saba. Ukipita barazani mchana ukasikia mwanamke anafoka kwa Kiarabu ndani ya duka langu, usiingie kununua kitu. Ngoja nje amalize.